Miwani yako si mbovu: mwanga una upande wake wa kutikisika

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Kibirizi, Kigoma. Naendesha boti ya abiria ya baba mdogo, tunakwenda Mwamgongo na kurudi. Mwezi uliopita nilinunua miwani ya jua kwa machinga. Nikiivaa alasiri, ule mng'ao wa jua juu ya ziwa unapotea, naona mpaka mawe ya chini karibu na ufukwe. Lakini nikilaza kichwa begani, mng'ao unarudi wote. Tena nikitazama simu nikiwa nimeivaa, nikiigeuza simu kioo kinakuwa cheusi kama imezima. Baba mdogo anasema nimeuziwa miwani mbovu, niirudishe. Ni kitu gani kinatokea? Na kulaza kichwa kunahusikaje na jua?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usiirudishe. Hayo mawili yanayomtia shaka baba mdogo, mng'ao unaorudi ukilaza kichwa na simu inayokuwa nyeusi ukiigeuza, ndiyo ushahidi kwamba miwani hiyo ni ya kweli. Miwani nyeusi ya kawaida, ile ya plastiki iliyotiwa rangi tu, haiwezi kufanya hata moja kati ya hayo. Ukilaza kichwa, ukikiinua, giza lake ni lile lile. Yako inachagua. Kuna jambo ndani ya mwanga ambalo macho yetu karibu hayalijui kabisa, na miwani yako inalijua.

Nimefundisha fizikia hapa Tabora kwa miaka mingi, na ni mara chache nimeletewa swali ambalo muulizaji ameshalifanyia majaribio mawili mwenyewe, tena safi namna hii. Kwa hiyo sitakujibu kwa mkato.

Chukua kamba ya boti. Funga ncha moja kwenye nguzo, shika ncha nyingine, ivute ikaze kidogo, kisha tikisa mkono juu na chini. Wimbi litakimbia hadi nguzoni. Sasa tikisa kushoto na kulia. Wimbi litakimbia tena, kwa njia ile ile, hadi nguzo ile ile. Safari haikubadilika. Kilichobadilika ni upande wa mtikisiko: kwanza ulikuwa wa wima, sasa ni wa mlalo. Sauti haina jambo hili hata kidogo. Ukipiga honi, hewa husukumwa mbele na kurudi nyuma kwenye mstari ule ule inakoelekea sauti, basi, hakuna wima wala mlalo wa kuzungumzia. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani mwanga nao uko hivyo, na ndiyo maana walikwama. Mfaransa Augustin Fresnel ndiye aliyesimama mwaka 1821 akasema wazi kwamba mwanga hutikisika kama kamba, kwa kuikata njia yake, wala si kama sauti.

Kinachotikisika si kamba, wala maji, wala hewa. Ni nguvu ya umeme na nguvu ya sumaku zinazosonga mbele pamoja, kama James Clerk Maxwell alivyoonyesha kwa hesabu mwaka 1865. Ninaposema upande wa mtikisiko, nina maana ya upande wa ile nguvu ya umeme. Na mtikisiko wenyewe ni mwembamba na wa kasi mno. Mwanga wa kijani hutikisika zaidi ya mara trilioni 500 kwa sekunde, na mawimbi yake kama 1,900 yakipangwa mstari ndipo yanatimiza milimita moja. Lakini hata wimbi dogo hivyo lina upande. Wanafizikia huuita upande huo polaraizesheni. Neno ni refu, jambo lenyewe ni lile la kamba.

Mwanga unaotoka moja kwa moja kwenye jua ni mchanganyiko. Ni kama watu elfu walioshika kamba elfu, kila mmoja akitikisa anavyotaka. Ukijumlisha wote, hakuna upande unaozidi mwingine. Ukilitupia jua hilo lililochanganyika juu ya Ziwa Tanganyika, ziwa linaanza kuchambua.

Sehemu ya mwanga huzama majini, sehemu hurudi juu. Jua likiwa utosini, maji tulivu hurudisha asilimia 2 tu, inayobaki yote inazama. Jua likishuka hadi nyuzi 10 juu ya upeo wa ziwa, zaidi ya theluthi ya mwanga hurudi. (Wavuvi wa dagaa wanaoelekeza taa zao zitazame maji kwa wima wanafanya sawasawa na hesabu hii: mwanga unaoshuka wima karibu wote unaingia majini, ule unaolalia maji sehemu yake kubwa inapotelea angani.) Lakini maji hayarudishi pande zote za mtikisiko kwa kiasi kimoja, na hapo ndipo lilipo jibu lako.

Mwanga ukigonga maji huzitikisa elektroni zilizomo ndani yake, yaani chembe ndogo mno zenye umeme, na elektroni hizo zinapotikisika hutoa mwanga wao. Mwanga wao huo ndio tunaouita mng'ao unaorudi. Elektroni ina tabia moja ambayo haiivunji: haitoi mwanga kuelekea kwenye mstari inaotikisikia. Fikiria mtu stesheni ya Kigoma anakuaga kwa leso wakati treni inaondoka. Akiipunga kushoto na kulia, unaiona kwa mbali. Akiisukuma mbele kuelekea kwako na kuirudisha kifuani, kwenye mstari wa macho yako, kwa mbali huoni leso ikicheza. Elektroni nayo ni hivyo hivyo. Ikitikisikia kwenye mstari unaokuelekea, haikutumii kitu.

Sasa kuna pembe moja ambapo jambo hili linakamilika. Kwa maji ni nyuzi 53 kutoka wima. Mwanga ukifika kwa pembe hiyo, ule unaozama hupinda na kushuka kwa nyuzi 37 kutoka wima. 53 na 37 ni 90, kwa hiyo njia ya mwanga unaozama na njia ya ule unaorudi zinakutana kwa pembe mraba. Chukua ule mtikisiko wa wima, wa juu na chini. Elektroni zinazotikiswa nao zinajikuta zinacheza kwenye mstari ule ule ambao mwanga unaorudi ungepita. Zinakusukumia leso usoni. Hazitoi kitu upande huo, na mtikisiko wote wa wima unazama majini. Unaorudi ni wa mlalo peke yake, ule unaolala sambamba na uso wa ziwa. Mskoti David Brewster ndiye aliyetoa kanuni ya pembe hii, mwaka 1815, na inaitwa kwa jina lake hadi leo.

Nimekupigia hesabu ya huko kwenu. Kigoma iko magharibi sana kuliko saa tunazotumia, kwa hiyo jua lake halifiki juu kabisa saa sita, linafika karibu saa saba mchana. Kutoka hapo linashuka nyuzi 15 hivi kila saa. Machi na Septemba linakuwa nyuzi 53 kutoka utosini karibu saa kumi na nusu alasiri, na mwezi wa sita linawahi, saa kumi na dakika chache. Mwambao wenu unatazama magharibi, hivyo saa hizo jua liko juu ya ziwa na mng'ao wake unakuja ufukweni bila kizuizi. Ukiwa unarudi kutoka Mwamgongo unakupiga mkono wa kulia. Saa hiyo, maji yakiwa yametulia, mng'ao unaokuumiza macho ni wa mlalo karibu wote. Kabla yake na baada yake wa mlalo bado unazidi, ila umechanganyika kidogo na wa wima. Upepo ukitia mawimbi, kila wimbi lina mteremko wake na pembe zinavurugika, kwa hiyo miwani itapunguza mng'ao bila kuufuta.

Jambo hili liligunduliwa kwa bahati, na aliyeligundua alifanya karibu yale yale uliyofanya wewe. Étienne-Louis Malus alikuwa mhandisi wa jeshi la Ufaransa. Alikwenda Misri katika vita vya Napoleon, akaugua tauni huko, akapona. Jioni moja mwaka 1808, akiwa nyumbani kwake Paris, alichukua fuwele angavu kutoka Aislandi, jiwe ambalo ukilitazamia kitu kimoja unaona viwili, akatazama nalo jua la jioni lililokuwa linang'aa kwenye madirisha ya jumba la Luxembourg. Alitarajia kuona picha mbili za jua. Alipoligeuza jiwe mkononi, picha moja ilififia huku nyingine ikikolea, kisha zikabadilishana. Usiku huo huo akajaribu kwa mshumaa uliomulika juu ya maji, akapata yale yale. Alifariki mwaka 1812, akiwa na miaka 36 tu. Nikifundisha somo hili huwa nakaa sana kwa mtu huyu, kwa sababu madirisha yale yalikuwa yakitazamwa na watu wa Paris kila jioni, na maji ya ziwa lenu yametazamwa tangu enzi.

Malus alihitaji fuwele adimu. Wewe una kipande cha plastiki, na safari ya kutoka kwenye fuwele hadi plastiki imepitia kwinini, dawa ile ile ya malaria. Mwaka 1852 daktari mmoja wa Bristol, Uingereza, William Herapath, alipata habari ya ajabu kutoka kwa mwanafunzi wake: mkojo wa mbwa aliyelishwa kwinini, ukidondoshewa iodini, unatoa fuwele ndogo za kijani. Herapath alizitazama kwa hadubini akaona kwamba pale fuwele mbili zinapopandana kwa kukatana, mahali pengine pana mwanga na pengine pana giza. Zilikuwa zinachuja mwanga kwa upande wa mtikisiko. Ila zilikuwa ndogo na dhaifu, hakuna aliyeweza kuzikuza zikawa na faida. Baada ya miaka zaidi ya 70 kijana wa Marekani, Edwin Land, aliacha kuhangaika kupata fuwele moja kubwa. Akachukua mamilioni ya fuwele ndogo mfano wa sindano, akazitia kwenye utando wa plastiki, zote zikiwa zimelazwa upande mmoja. Mwaka 1929 aliomba hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kazi hiyo. Baadaye alipata njia rahisi zaidi, ambayo ndiyo inayotumika hadi leo: unachukua utando wa plastiki, unaupasha moto na kuuvuta kwa nguvu upande mmoja hadi molekuli zake ndefu zinyooke na kulala sambamba, kisha unautia iodini. Miwani yako ina utando kama huo katikati ya kila lenzi.

Hapa lazima nisahihishe mfano unaopendwa sana darasani. Hueleza kwamba utando ni kama uzio wa miti iliyosimama: kamba iliyopitishwa kati ya miti, ukiitikisa juu na chini wimbi linapita, ukiitikisa kushoto na kulia linagonga miti na kufa. Mfano ni mzuri kwa kamba, lakini kwa mwanga unakupeleka kinyume. Kwenye utando, molekuli zilizonyooka ni kama nyaya nyembamba. Elektroni zinaweza kukimbia kwa urefu wa waya, haziwezi kukimbia kwa upana wake. Kwa hiyo mtikisiko unaofuata urefu wa nyaya huzisukuma elektroni, unapoteza nguvu yake na kuisha kama joto dogo. Mtikisiko unaozikata nyaya hauna cha kusukuma, unapita. Katika miwani yako nyaya hizo zimelala, kutoka sikio hadi sikio. Mng'ao wa mlalo unazifuata, unamezwa. Mwanga wa wima unazikata, unapita hadi jichoni.

Na yale mawe? Mwanga unaotoka kwenye mawe na samaki chini ya maji haukutokana na kugonga uso wa ziwa. Una wima na mlalo, na ule wa wima hutoka majini kwa urahisi zaidi ukitazama kwa pembe niliyotaja. Miwani inapunguza nusu yake au zaidi, na sehemu inayobaki inakutosha. Mawe yalikuwapo wakati wote, mwanga wake ulikuwa unakufikia, ila ulifunikwa na pazia la mng'ao. Kwa kuwa sasa unayaona, tahadhari moja ya boti: maji yanapinda mwanga, kwa hiyo chini huonekana karibu kuliko ilivyo. Ukitazama kutoka juu moja kwa moja, mahali penye kina cha mita 2 panaonekana kama mita 1 na nusu, na ukitazama kwa mshazari panaonekana pafupi zaidi ya hapo. Mama mwenye mtoto mgongoni anayetaka kushuka kabla boti haijagusa mchanga anaona maji ya magotini, kumbe ni ya kiunoni. Usimwache ashuke kwa kuamini macho.

Sasa la kichwa. Ukikilaza begani, umegeuza nyaya za miwani. Zilikuwa zimelala, sasa zimesimama. Mng'ao wa mlalo sasa unazikata badala ya kuzifuata, kwa hiyo unapita. Jua halikubadilika, ziwa halikubadilika, wewe umegeuza mlango. Katikati ya hali hizo mbili kuna hesabu ambayo Malus mwenyewe aliitoa, na inaeleza kwa nini hukuona tofauti ulipoinamisha kichwa kidogo tu. Ukilaza kichwa nyuzi 10, mng'ao unaopita ni asilimia 3 tu, jicho halishtuki. Nyuzi 30, robo inapita. Nyuzi 45, nusu. Nyuzi 90, wote.

Kabla sijafika kwenye simu nakuomba ufanye jaribio moja, na kwangu ndilo zuri kuliko yote katika elimu ya mwanga. Tafuta lenzi tatu za aina hii. Miwani iliyovunjika mkono inatosha, hata ya rafiki. Weka lenzi moja juu ya nyingine na uigeuze ya juu robo mzunguko. Vioo viwili vinavyopitisha mwanga kila kimoja peke yake vitaziba kabisa vikiwa pamoja, giza tupu. Sasa chomeka lenzi ya tatu katikati ya hizo mbili, kwa mshazari wa nyuzi 45. Umeongeza kizuizi. Giza linapaswa kuzidi, sivyo? Mwanga unarudi. Kama lenzi zingekuwa kamilifu, sehemu moja ya nane ya mwanga wa mwanzo ingepita: ya kwanza inaacha nusu, ya kati inaacha nusu ya hiyo, ya mwisho nusu ya hiyo tena.

Nimeona wanafunzi wakikataa kuamini mikono yao wenyewe. Kinachotokea ni kwamba lenzi hizi si chujio la chai linalozuia makapi na kupitisha chai kama ilivyokuwa. Mwanga unaotoka kwenye lenzi umepewa upande mpya, upande wa lenzi hiyo. Lenzi ya kati inauchukua mwanga wa wima na kuutoa ukiwa wa mshazari, na mwanga wa mshazari una sehemu ambayo lenzi ya mwisho inaweza kuikubali. Kumbe upande wa mtikisiko unaweza kugeuzwa kidogo kidogo, hatua kwa hatua. Na mtu akiweza kuugeuza anavyotaka na anapotaka, ameshika usukani wa mwanga.

Simu yako imejengwa juu ya jambo hilo. Kwenye kioo cha simu nyingi, na kwenye kalkuleta, saa za dijitali, televisheni bapa na kompyuta za mkononi, kuna tando mbili za aina ya miwani yako, moja nyuma na moja mbele, zikiwa zimekatana kwa pembe mraba. Kama kungekuwa na hizo tu, kioo kingekuwa cheusi daima. Katikati yake kuna tabaka jembamba, unene wake ni mikromita 5 hivi (sehemu 5 kati ya 1,000 za milimita), la kitu kinachoitwa fuwele kimiminika. Mtaalamu wa mimea, Friedrich Reinitzer, alikiona kwa mara ya kwanza huko Prague mwaka 1888 akichunguza mafuta aliyoyapata kwenye karoti. Aliyeyusha unga wake ukawa ukungu mzito kwenye nyuzi joto 145, halafu ukawa angavu kwenye nyuzi 178, kana kwamba umeyeyuka mara mbili. Katikati ya viwango hivyo kitu kinatiririka kama uji lakini molekuli zake zimejipanga kama jiwe.

Katika kioo cha aina ya kwanza kuenea duniani, kilichobuniwa mwaka 1970 na Martin Schadt na Wolfgang Helfrich nchini Uswisi, molekuli hizo zimepangwa kama ngazi ya kuzunguka. Chini zimelala upande mmoja, na kila hatua zinageuka kidogo, hadi juu zimegeuka nyuzi 90. Mwanga unapanda ngazi hiyo na upande wake wa mtikisiko unageuka nao, ukifika juu unakubaliwa na utando wa pili. Unaona nukta nyeupe. Ukipitisha umeme wa volti chache, molekuli zinasimama, ngazi inavunjika, mwanga hauna wa kuugeuza, unagonga utando wa pili na kumezwa. Nukta nyeusi. Umeme mdogo zaidi unatoa kijivu. Simu yenye nukta 1,080 kwa 2,400 ina milango ya namna hii zaidi ya milioni 7, kwa kuwa kila nukta ina mlango wa nyekundu, wa kijani na wa buluu.

Kwa hiyo mwanga unaotoka kwenye simu umeshatoka kwa upande mmoja tu. Miwani yako inakuwa utando wa tatu. Pande zikilingana unaona picha, zikikatana unaona weusi. Simu haikuzima na miwani haikuharibika. Simu nyingine zimewekewa karatasi ya juu ya kuvuruga upande huo, hizo hazitakuwa nyeusi kabisa, zitabadilika rangi tu. Ukitumia ramani ya simu ukiwa kazini, ijaribu kwanza ufukweni ukiwa umevaa miwani, ujue ikae wima au ilale. Usigundue hilo katikati ya safari, giza likikaribia.

Ukiwa na nafasi, weka rula ya plastiki angavu mbele ya kioo cheupe cha kompyuta ya mkononi na uitazame kwa miwani. Utaona mistari ya rangi ndani ya kitu kisicho na rangi. Ni mahali ambapo plastiki ilikazwa ilipokuwa inapoa kiwandani, na mkazo huo unageuza upande wa mtikisiko kwa kiasi tofauti kwa kila rangi. Madoa ya giza unayoweza kuyaona kwenye madirisha ya pembeni ya basi ukiwa umevaa miwani hiyo ni jambo lile lile, alama za kioo kilivyokazwa ili kisivunjike vipande vyenye ncha kali.

Kuna jambo moja ambalo sisi watu wa Tabora tunalo karibu. Mwanga wa anga la buluu nao una upande. Hewa inatawanya mwanga wa jua kwa elektroni zake, na kanuni ya leso inafanya kazi huko juu kama inavyofanya ziwani: ukitazama sehemu ya anga iliyo nyuzi 90 kutoka kwenye jua, mtikisiko wa upande mmoja unazidi sana. Jua linapotua ziwani, sehemu hiyo ni ukanda unaopita utosini pako kutoka kaskazini hadi kusini. Tazama juu kwa lenzi moja na uizungushe polepole, utaona anga linakolea na kufifia. Nyuki wanaona hilo bila miwani. Karl von Frisch alionyesha mwaka 1949 kwamba nyuki akiona kipande tu cha anga la buluu, hata jua likiwa limefichwa, anajua jua liko wapi na anaweza kuwaelekeza wenzake kwenye maua. Sehemu ya juu ya jicho lake imeumbwa kupima upande wa mtikisiko. Kila ninapoona asali yetu ya miombo sokoni nawaza kwamba njia ya kwenda na kurudi mzingani ilisomwa angani kwa jambo hili hili lililokusumbua wewe kwenye boti.

Nirudi kwenye miwani, maana umeuliza kwa sababu ya fedha. Kuzuia mng'ao ni kazi moja, na kuzuia miali ya urujuanimno, ile inayodhuru jicho taratibu, ni kazi nyingine. Utando wa kuchuja mng'ao peke yake hauhakikishi hiyo ya pili, kwa hiyo angalia kama miwani ina alama ya UV400, na ukibahatika kupata duka lenye kipimo, ipimwe. Usiku usiivae kabisa. Inakula nusu ya mwanga au zaidi wakati unahitaji wote. Na siku nyingine ukinunua kwa machinga, nenda na kalkuleta. Itazame kwa lenzi huku ukiizungusha. Ikiwa nyeusi na kurudi, nunua. Ikibaki vile vile, hiyo ni plastiki yenye rangi.

Kwa baba mdogo, chagua siku isiyo na upepo, saa kumi na nusu, mkae penye mawe karibu na ufukwe. Mpe miwani mkononi, asiivae. Aweke lenzi moja mbele ya jicho na aizungushe taratibu, huku akitazama maji. Ataona ziwa likiwaka na kuzima, na mawe yakija na kuondoka, kwa mkono wake mwenyewe. Jua lenyewe asilitazame, hata kupitia lenzi hii.